Kichupa Kisicho na Lebo

Fundi cherehani alishikwa mkono na wifi yake tangu mlangoni, asije akaghairi. Alitaka makunyanzi ya paji la uso yaondoke kabla ya harusi ya bintiye, na sasa alikuwa amelazwa kwenye kiti cha saluni, msusi ameshavaa glavu na sindano iko mkononi.

“Hiyo dawa inaitwaje?” akauliza.

“Ya kunyoosha uso, dada. Tulia.”

“Nionyeshe kichupa chake.”

Msusi akakitoa mkobani, katikati ya wanja na chanuo. Hakikuwa na lebo wala tarehe ya kuisha muda. Fundi akakunja uso kama mtu aliyeletewa kitambaa kilichotafunwa na panya.

“Unaona? Makunyanzi yenyewe ndiyo hayo,” msusi akasema.

“Yaache hapo hapo. Nikiyachoka nitakwenda kwa daktari wa ngozi.”

Nje akashusha pumzi, akajipapasa paji la uso. Yote yalikuwepo, naye akayafurahia kama mama aliyekuta watoto wake wote wamerudi salama.

“Na wewe wifi,” akasema huku akicheka, “ulivyonisukuma vile, mbona hukutangulia?”

Wifi akatazama viatu vyake. “Nilitaka kwanza nione wewe utatokaje.”