Mji wa Shingo ya Saumu

Usingizi unanichukua mchana, baada ya uji, nimeketi kwenye benchi la wodi ya watoto, nimeshika mguu wa mjukuu wangu Saumu. Ana miaka minne, kola ngumu shingoni, na mikono yake imelala tu, haikamati hata kijiko. Picha ya shingo yake imebandikwa dirishani. Asubuhi daktari alituonyesha mstari mweusi kwenye mfupa wa pili, akasema kwa mtoto mstari kama huu huenda ni maungio ambayo hayajakomaa, huenda ni mvunjiko, akauliza ilikuwaje, nami nikawahi kumjibu kabla ya mwanangu Riziki, mama yake Saumu: kaanguka kitandani. Sasa nautazama ule mstari mpaka unapanuka, unakuwa njia, nami nimo ndani yake natembea, kanga yangu ya kichwa imebaki kwenye benchi.

Njia ni nyeupe, haina mwisho, kila nikikata kona nakuta ile kona niliyoiacha. Mji wa kwanza ni duara, vipande vitatu tu, na kati ya kipande na kipande pana gegedu laini kama sikio la mtoto. Anatokea mwenye kuniongoza, amevaa sare ya nesi, usoni hana jicho wala pua, pamenyooka kama sahani, sijui nimpe shikamoo au niisubiri ya kwake, maana umri wake nitausoma wapi? Namwambia, mji wenu umepasuka. Anacheka. Bibi wewe, nyumba haijaisha kujengwa, unaiona ina ufa! Huku nyuma mfupa huungana mtoto akiwa na miaka mitatu, minne, huku mbele mpaka sita, saba. Twende.

Tunakwenda, na mji wa pili unainuka ndani ya ule wa kwanza, una mnara kama jino, na juu ya jino kuna kijiwe kidogo hakijashika, nacho, anasema, kitashika akifika kumi na mbili. Watu wanapaka chokaa kwenye maungio, kijiko kwa kijiko, bila haraka, na chokaa bado mbichi. Kuta zote ni vioo. Katika kila kioo naona mtoto anakandwa, wanangu, wajukuu wangu, na mikono inayowakanda ni hii hii yangu, yenye pete ya fedha.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, namjibu, mdomo umejisemea wenyewe tu. Nikijengwa nina mistari, nikikomaa sina. Aliyenivuta chokaa haijakauka, nani? Nasema sijui. Hujui? Basi nipe mji. Nampa Pangani. Sitaki. Nampa Tanga nzima, na reli yake. Sitaki, bibi, nataka huu tuliosimama ndani yake. Na wale wapakaji wanaweka vijiko chini, wote kwa pamoja, wananitazama bila macho.

Ni mimi, nasema. Alhamisi, mama yake yuko kazini, mtoto kaamka na mafua, shingo imekaza, analia, bibi inauma. Nikapasha mafuta ya nazi, nikamkanda. Kisha nikamshika chini ya masikio nikamwinua miguu ikaning'inia, nimnyooshe, kama nilivyomnyoosha mama yake na wote walionipitia mikononi, hakuna aliyedhurika. Kikalia kitu, ko, kidogo tu. Akanyamaza. Nikafurahi kwamba amenyamaza.

Mama.

Riziki amesimama mbele yangu, chupa ya chai mkononi, mashavu yamelowa. Nyuma yake yuko daktari, mwanga wa dirisha umemmeza uso wote, pamebaki weupe tu. Mama, hayo uliyokuwa unasema. Yapi, mwanangu? Anaitua chupa sakafuni. Viganja vyangu vina unga mweupe. Labda ni poda niliyompaka Saumu, labda siyo. Kanga haipo kichwani, iko kwenye benchi, na sikumbuki kuivua. Sijui nimesemea kule au hapa, sijui hata kama hapa ndipo hapa. Nautafuta mguu wa mtoto, naukuta, una joto. Asiye na uso anavuta kiti, anakaa, ananingoja.

Naanza upya. Alhamisi, nasema, mama yake alikuwa kazini.