Msaidizi wa Kapteni

Mama mwenzangu, kama mwanao amekuja nyumbani na karatasi ya kuandikishwa mbio za ski, usiitie sahihi kabla hujamaliza kusoma haya. Najua utacheka. Ski hapa Kampala, theluji iko wapi? Mimi pia nilicheka. Niliacha kucheka siku nilipomwona Nabilah wangu akiteremka kilima cha Naguru juu ya vibao viwili vyembamba vyenye magurudumu, fimbo ndefu mikononi, breki hana, na bodaboda ndio wanaompisha.

Hizo ndizo ski za huku kwetu. Mkimbiaji anazifunga kwenye viatu, anajisukuma kwa fimbo mbili, kilomita arobaini. Mbio ni nne kwa mwaka na pointi zinajumlishwa. Mwisho wake kila timu inapeleka msichana mmoja Uswidi, kwenye theluji yenyewe, yule mwenye pointi nyingi. Nabilah alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu Januari hakuwa na habari nyingine. Akila, theluji. Akiosha vyombo, theluji.

Timu yake ilikuwa ya Katembo, Mkongo anayetengeneza baiskeli Nakivubo, na dada yake Pélagie. Huyu Pélagie ndiye ninayetaka kukuambia habari zake. Miaka tisa alikuwa jirani yangu hapa Old Kampala. Binti yake Esperance na Nabilah wamelala kitanda kimoja, wameugua surua wiki moja. Mimi ni Mnubi, yeye Mkongo. Mimi nasali Ijumaa, yeye Jumapili. Lakini siku ya Idi alikuwa anaingia jikoni kwangu kabla mimi sijanawa uso. Tulikuwa na Kiswahili, changu cha nyumba za polisi na chake cha Butembo, na kilitutosha.

Sheria za mbio zililetwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kurasa kumi na mbili. Mimi shule niliishia darasa la sita. Kiingereza changu ni cha kuuzia vitambaa. Nabilah angeweza kunisomea, lakini mtoto akikusomea sheria ataruka kila mstari unaomkataza kitu. Kwa hiyo nikampelekea Pélagie, aliyesoma Kifaransa mpaka sekondari.

"Nisomee yote," nilimwambia. "Usinifiche kitu."

"Minakusomea, mama Nabilah. Kaa basi. Hapa wanasema kofia ngumu ni lazima."

"Vizuri. Ataivaa juu ya hijabu."

"Hapa wanasema kusukuma ni kwa fimbo. Kupiga miguu pembeni, kama bata, hapana. Mara ya kwanza kadi ya njano, mara ya pili uko nje."

"Kama bata. Hiyo nimeielewa."

"Maji wanaruhusu. Sukari wanaruhusu. Hapa ni mambo ya magurudumu, hayakuhusu."

Akalamba kidole, akageuza kurasa mbili kwa pamoja. Nililiona hilo. Nikadhani karatasi zimegandana.

"Na hapa," akasema, "ni kazi ya kila mtu ndani ya timu. Esperance ni kapteni, kwa sababu alianza mazoezi zamani. Nabilah ni msaidizi wa kapteni."

Sasa niambie, mimi ningeelewaje? Nimezaliwa Naguru kwenye nyumba za polisi. Marehemu baba yangu alistaafu akiwa inspekta msaidizi, na siku alipopewa cheo hicho tulichinja mbuzi. Kwetu sisi msaidizi si mtu wa kubebeshwa mizigo. Msaidizi ni cheo, kinashonwa begani. Mkubwa akiumwa, wewe ndiye mkubwa.

"Msaidizi!" nikasema. "Na huu ni mwaka wake wa kwanza tu!"

Pélagie alinitazama kidogo. Palepale angeweza kuniambia. Alisema, "Ndiyo. Aksanti Mungu," akanisogezea kalamu.

Nikatia sahihi. Nikapika pilau. Mpaka shangazi yake Zulaikha, aliye Bombo, nilimpigia simu kumwambia mtoto amepewa cheo.

Niliomba na mimi niandikwe kwenye orodha ya timu, niwe katika wale wanaovaa fulana ya kijani na kusimama kituoni kuwapa wakimbiaji maji. Pélagie akasema kila timu ina fulana moja, na ameshaandikwa yeye.

"Wewe utakuja kama mama," aliniambia. "Kazi yako kupiga vigelegele."

Nikavipiga. Katika mbio tatu za kwanza Nabilah alimpita Esperance, na wakati tunakwenda kwenye mbio za nne alikuwa anamzidi pointi ishirini na moja. Kwa hesabu yangu mimi, siku hiyo ya mwisho alihitaji kufika mbele ya Esperance, la sivyo safari imekwenda na maji. Niliyasema haya mbele ya Pélagie mara nyingi. Hakunisahihisha hata mara moja.

Mbio zilikuwa Jumapili asubuhi. Barabara ya kuzunguka kilima cha Naguru ilifungwa, na wasichana walitakiwa kuizunguka mara nane. Mimi nilisimama karibu na kituo cha timu, chini ya mteremko, nyuma ya kamba. Pélagie alikuwa ndani ya kamba na fulana yake ya kijani, chupa za maji miguuni, na fimbo moja ya akiba mkononi.

Mzunguko wa saba wakatokea juu ya kilima wote wawili, Esperance mbele, Nabilah nyuma yake kama kivuli. Esperance akaingia kwenye shimo. Fimbo yake ya kulia ikakatika, tuliisikia kutoka chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ndipo nikamwona Nabilah anasimama. Anavua kamba ya fimbo yake kwenye mkono, anampa Esperance. Esperance akaondoka na fimbo mbili, mwanangu akabaki na moja.

"Amempa!" nikapiga kelele. "Pélagie, mbona amempa?"

"Ni kazi yake," alisema bila kugeuka. "Msaidizi anampa kapteni fimbo. Akihitaji maji, anampa maji. Upepo ukija, anakaa mbele amkinge. Ni sheria."

Nilihisi kama mtu amenivua nguo barabarani.

Esperance alipita mbele yetu kama risasi. Baada yake akaja Nabilah, anateremka anayumba, fimbo moja, upande mmoja wa mwili unafanya kazi na mwingine unaning'inia.

"Basi mpe hiyo ya akiba," nikamwambia Pélagie.

"Hii ya Esperance. Ikikatika tena?"

"Pélagie! Mtoto ana mkono mmoja!"

"Mama Nabilah, acha kazi iende."

Acha kazi iende. Miaka tisa. Nikapita chini ya kamba, nikainyakua ile fimbo, nikakimbia mpaka katikati ya barabara.

"Mama, hapana!" Nabilah alipiga kelele. "Usinipe! Mama, ondoka!"

Nilidhani anaona aibu. Nikamsukumia mkononi, na mkono ukashika, kama mkono wowote unaotupiwa kitu.

Filimbi ikalia. Mwamuzi alikuwa mzee Okwera, askari mstaafu, sauti bado ya gwaride.

"Wewe mama! Wewe ni nani hapa?"

"Ni mama yake!"

"Hiyo naiona. Nauliza uko kwenye orodha?"

Sikujua kuna orodha inayoweza kumdhuru mtoto. Nikamtazama Pélagie. Okwera naye akamtazama.

"Huyu ni wa timu yenu?"

Angesema ndiyo? Sijui kama ingesaidia. Angeweza kunyamaza, angeweza kusema mzee tusamehe, mama amechanganyikiwa. Alisema, "Hayumo. Ni mtu wa kutazama tu."

Okwera akatoa kadi nyekundu, si kwangu, kwa Nabilah. Nyuma ya kamba kijana mmoja akacheka: "Banange, jamani, mama ndiye amekimbia kuliko wote!" Watu wakacheka naye.

Nabilah alikaa kando ya barabara, akafungua viatu taratibu. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nilibakiza kumaliza tu," alisema. "Hata wa kumi. Pointi zangu zilikuwa zinatosha."

"Kwa fimbo moja?"

"Hata kwa kutembea, mama. Imeandikwa. Lakini ukipewa kitu na mtu asiye kwenye orodha, unatolewa, unapata sifuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisomewa?"

Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua. "Na hili la msaidizi? Ulijua maana yake?"

"Nilijua tangu Januari. Sahihi yangu iko chini ya yako."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambia, ungenitoa."

Ni kweli. Ningemtoa siku hiyohiyo.

Esperance alishinda. Kwenye jumla akampita Nabilah kwa pointi nne.

Jioni nilikwenda mlangoni kwa Pélagie. Sikuingia. Nilimwambia, "Uliruka kurasa mbili."

"Niliruka."

"Kwa nini?"

"Timu bila wasichana wawili hawaiandikishi, mama Nabilah. Mtoto wangu asingekimbia. Na wewe ungekataa wako awe wa kutoa fimbo."

"Ungeniambia, nikakataa mwenyewe."

"Ndiyo sababu sikukuambia." Halafu akasema, "Ingia unywe chai." Alisema vilevile kama siku zote, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Na ile fimbo? Ulijua nitaichukua?"

"Hapana. Nakuapia."

Mpaka leo sijui. Anajua hasira zangu kuliko dada zangu wa tumbo moja. Naamka nawaza hilo, nalala nawaza hilo.

Kwa hiyo mama mwenzangu, karatasi ikija, isomewe na watu wawili wasiojuana. Ukisikia neno unalolipenda, hapohapo uliza kazi yake ni nini, afanye nini, ampe nani. Uliza ni nani yuko kwenye orodha. Na mtoto wako mwenyewe mkalishe chini, kabla ya sahihi, umwambie: sitakutoa, niambie kweli. Mimi sikumwambia hivyo. Hata sikuwa na uhakika kama ningeweza kutimiza.

Esperance aliondoka Alhamisi. Kwamba Nabilah alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe, niliambiwa na jirani, aliyemwona akipanda gari la Katembo, amekaa nyuma katikati ya Pélagie na mabegi. Aliporudi nilikuwa jikoni.

"Umetoka kumsindikiza?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Baada ya yote yale?"

"Alikuwa kapteni wangu," alisema, akaenda kunawa mikono.

Nikampakulia chakula. Nilitaka kumuuliza mimi ni nani kwake sasa, lakini niliogopa atanijibu. Alikula akamaliza, akasema asante, akaenda kulala.