Mashahidi Watatu wa Mshale Mmoja

...na sasa ukurasa nao umeganda, dakika nzima kiduara kinazunguka tu, na Inès, mwanafunzi ninayemsimamia, yuko nyuma ya kiti changu, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, ananiuliza kwa mara ya tatu, "Yaya Mignonne, nirudilie kipimo tena ao niache?", ngoja, nimesema ngoja, nikuonyeshe uone kwa macho yako, maana nimechoka, miezi minane anapima protini mbili tu, ya kwanza iiwashe ya pili, ishara ipite ndani ya seli, basi, na haipiti, wakati hifadhidata tatu, si moja, tatu, zimechora mshale uleule, hii huwasha ile, mashahidi watatu wakisema neno moja utabishana na nani, tatizo ni mikono yako, Inès, nilimwambia hivyo mbele ya maabara nzima, akaenda kulia chooni, akarudi akaanza upya... haya, imefunguka, mshale huu hapa, umetoka wapi? hifadhidata ya pili, sawa, na ya pili ilitoa wapi, bonyeza, kwa ya tatu, jamani, watu hawa wanakopiana kama darasa zima siku ya mtihani, na ya tatu je, "Bon, vendredi nitaambia prof naacha, hii kazi haiko ya mikono yangu," anasema polepole, kumbe amekwisha kuamua, hata siku ameichagua, Ijumaa, usiseme kwanza, Inès, ya tatu inataja makala moja, na aliyeisoma na kuingiza mshale ni... jina langu... mimi, nikisoma shahada ya pili, makala arobaini za kujazia fomu za hifadhidata hiyo mwisho wa juma, hii niliisoma kwenye basi nikitoka mtaa wa Koekelberg, muhtasari tu, na muhtasari ulisema huenda, fomu haikuwa na mahali pa kuandika huenda, nikaweka mshale nikashuka, kwa hiyo mashahidi wote watatu ni mimi, mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili amelila Inès peke yake, amerudia kipimo mara tisa, matokeo yaleyale, na mtu mzembe hakosei vilevile mara tisa, hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza, nililijua hata siku ile nikimfokea, ila kumlaumu yeye kulikuwa rahisi, naona haya hadi masikio yanawaka, namsikia akivuta koti lake, na shingo haitaki kugeuka, kwa sababu nikigeuka itabidi nimwombe mdogo wangu msamaha mbele ya walewale waliosikia nikimtukana.