Mlango wa Bafu

Mama Miche alikuwa ameshika kopo la kumwagilia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anavuta zipu kama afanyavyo kila asubuhi, zipu ikamfuata yote mkononi. Ilikuwa imeng'oka toka juu hadi chini. Kipande cha nailoni kilichokuwa mlango wa banda lake kikamwangukia miguuni. Alikitazama kidogo, halafu akainua macho kwenye miti iliyo ng'ambo ya barabara aone kama majani yanacheza. Yalikuwa yametulia bado.

Banda lenyewe halikuwa la kujivunia. Mabomba ya plastiki yaliyopindwa, karatasi ya nailoni juu yake, matofali ya kukandamiza pembeni. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote dukani, na vitu vya bei ya chini huanza kufa pale panaposhikwa kila siku. Lakini ndani, juu ya meza za mbao, trei za miche ya pilipili hoho zilikuwa zimejaa kijani kibichi, na kesho asubuhi lori la chama cha ushirika lingekuja kuichukua. Miche ya kwanza ilimfia yote. Chama kikampa nafasi ya pili, kikamwambia wazi kwamba ya tatu haipo. Kwa ajili ya kazi hii aliacha kiwanda, na siku aliyoaga, msimamizi alimcheka usoni: "Utarudi tu. Wote hurudi."

Na msimu huu upepo huanza mchana. Ukipata pa kuingilia, banda zima linanyanyuka na kugeuka kama mwavuli.

Mumewe alikuwa safarini, utingo wa lori, kwa hiyo alimwita shemeji yake, fundi seremala, anayekaa nyumba ya tatu. Alikuja na mfuko wake wa vifaa begani, mswaki bado mdomoni.

"Shemeji, hii haishoneki," alisema akiigeuzageuza ile zipu. "Nailoni imeoza kwa jua. Ukishona hapa, inachanika pale. Hapa panataka mlango wa mbao."

"Mlango nitautoa wapi mimi?"

"Mlango unao." Akaelekeza mswaki nyumbani. "Wa bafu."

Mama Miche alitaka kucheka, akaona hatanii.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mboga. Aliwasikiliza wakifungua skrubu, akawaona wanapita na mlango.

"Kwa hiyo pilipili zifunge mlango, mimi nioge hadharani."

"Tutakutundikia pazia, mama."

"Pazia. Haya. Nimezaa seremala, naoga nyuma ya pazia." Lakini alisogeza kigoda chake wapite.

Fundi alifanya kazi yake bila papara, na kutokuwa na papara kwake kulimchoma Mama Miche roho. Alichimbia nguzo mbili kando ya banda, asizifunge kwenye mabomba hata kidogo. Bomba likicheza, alisema, mlango unakwama. Akashindilia mawe kwenye mashimo. Kwa ndani ya nguzo akapigilia kipande cha mbao cha mlango kuegemea, na ncha za nailoni akazizungushia fito, akazipigilia misumari pande zote mbili.

"Unafungukia nje, unaona? Upepo unatoka huko barabarani. Ungefungukia ndani, ungesukumwa mpaka kwenye miche. Hivi, upepo wenyewe ndio unaoubana."

"Naona. Fanya haraka."

"Shemeji, kaka yangu anakuvumiliaje?"

Mama Miche alikuwa anatazama barabarani. Majani ya ng'ambo yalikuwa yameanza kucheza.

Bawaba ya pili ilipokazwa, pikipiki ilisimama barabarani. Mama Miche aliitambua kwa mlio kabla hajageuka. Ni afisa wa ujenzi, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Alama, kwa sababu ya kopo la rangi nyekundu linaloning'inia kwenye usukani. Nusu ya kuta za mtaa zina msalaba wake, alama ya kubomolewa.

"Jengo hili la nani?"

"Jengo lipi, bwana afisa? Hili ni banda la miche."

"Jana lilikuwa banda. Nilipita hapa, nikaona zipu. Chenye zipu ni kifuniko cha mimea, hakinihusu. Chenye mlango wa bawaba ni jengo." Akausukuma mlango kwa kidole, ukajifunga vizuri kabisa. "Kibali kiko wapi?"

"Zipu imekatika leo asubuhi. Nikiomba hicho kibali, nitakipata lini?"

"Kamati inakutana mwezi ujao."

"Upepo unakuja leo."

"Upepo hauko kwenye idara yangu." Alicheka peke yake. Kisha akasogea karibu, sauti ikashuka. "Lakini sisi ni binadamu, mama. Tunaweza kuongea."

Maongezi hayo aliyajua. Jirani yao mwenye genge aliongea na Bwana Alama mara moja tu, mwaka jana, na hadi leo anaendelea kuongea naye kila mwezi.

"Si ndiyo tunaongea, bwana afisa?" alisema, akimtazama kama asiyeelewa.

Afisa akamtazama na yeye. Fundi alikuwa ameganda, bisibisi mkononi, macho chini. Afisa akafungua kopo, akachovya brashi, akachora mistari miwili mikubwa iliyokatana katikati ya mlango wa bafu. Rangi ilikuwa nzito, ikachuruzika.

"Jioni nikirudi nisikute bawaba hapa. Nikizikuta, nakuja na vijana, tunashusha lote."

Pikipiki ilipokwisha kukata kona, upepo wa kwanza ulifika. Nailoni ilivimba na kunywea, kama kitu kinachovuta pumzi.

"Tuache," alisema fundi. "Kesho lori likishachukua, avunje atakavyo."

"Jioni ni leo. Lori ni kesho." Mama Miche alielekeza kidole mlangoni. "Toa bawaba."

"Shemeji..."

"Amesema bawaba. Toa."

Alizitoa. Mlango ukabaki umesimama kati ya nguzo, umeegemea ile mbao ya ndani, haujashikwa na kitu. Upepo ulipovuma uliubana pale pale. Ulipotulia, mlango uliinama nje polepole, ukitaka kuanguka. Mama Miche akageuka, akakaa chini mavumbini, akauegemea kwa mgongo.

"Utakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka upepo uishe."

Fundi alikimbia kuongeza matofali pembeni. Upepo ulikuja na mchanga, ukampiga machoni, akayafumba. Kila ulipotulia alisikia uzito wa mlango ukimjia mabegani, akasukuma miguu ardhini. Mara moja miguu ilimteleza, mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na nyuma yake akasikia trei ikianguka. Akaufunga kwa kisogo. Machozi yalimtoka, naye hakujua kama ni mchanga.

Baadaye alisikia kitu kikiburutwa. Mama mkwe alikuja na kigoda chake, akakiweka kando yake, akakaa, bega lake likabana ukingo wa mlango.

"Mama, rudi ndani, utaugua."

"Mlango wangu huu," alisema bibi yule. "Sogea."

Jua lilikuwa linazama pikipiki iliporudi. Upepo ulikuwa haujaisha. Bwana Alama alishuka, akazunguka upande mmoja, akazunguka wa pili, akainama akitafuta bawaba. Palikuwa na matundu ya skrubu tu.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tumekaa," alisema mama mkwe. "Na kukaa nako kunataka kibali?"

Afisa hakucheka. "Inuka mama, nione hapo katikati."

Mama Miche aliinuka kwa shida, miguu imekufa ganzi, mkono mmoja ameuacha kwenye mlango. Rangi ya mchana ilikuwa haijakauka. Ule msalaba pale mlangoni ulikuwa umefutika nusu. Nusu nyingine ilikuwa mgongoni mwake, nyekundu, toka bega hadi kiunoni, kwenye gauni pekee alilokuwa nalo la kazi.

Afisa aliutazama mgongo ule.

"Umeona?" aliuliza Mama Miche, bila kugeuka.

"Rangi imekushika, mama."

"Ni yako."

Upepo ukatulia kidogo. Mlango ukaanza kuinama nje, naye akakaa tena chini, akauegemea, mahali pale pale.