Chokaa Kwenye Uwanja wa Reli

Kampuni ilipopewa uwanja wa zamani wa reli pale Sidi Marzuk ijenge hoteli, maduka na zahanati, manispaa ilikubali sharti letu moja: mpango ukiguswa popote, kamati ya wakazi iuone kwanza na itoe kauli. Nilikuwa mmoja wa wanakamati. Mwenyekiti alikuwa Bi Wasila, mfamasia mstaafu, mjane, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie.

Mwaka wa pili msanifu wa kampuni, Bwana Ridha, akaja kutoka Tunis na michoro mipya, akaibandika ukutani. Zahanati ingehamishwa kutoka nyuma ya uwanja hadi barabara kuu. Na njia yetu ya kuteremkia baharini ingeingizwa ndani ya ukuta wa hoteli.

"Lakini kuna mlango, ndugu zangu," akasema. "Mtapita."

Ukumbi ukachemka. Munji, mwenye mkahawa, akaruka: "Kataeni yote! Leo mlango, kesho kufuli!" Wengine wakamzomea, maana watoto wao walikuwa wakingojea ajira hotelini.

Bi Wasila akawaacha hadi wakachoka. "Mimi mchoro wa ukutani haunitoshi," akasema. "Bwana Ridha, Jumamosi njoo utuchoree chini."

"Chini wapi, mama?"

"Uwanjani. Chokaa tutaleta sisi."

Kwa kweli alikuja, na viatu vyake vizuri. Mtaa mzima ulimfuata, akinamama na vikapu vyao vya mkate, huku yeye akipima na sisi tukimwaga chokaa. Mstari wa ukuta wa hoteli ulipofika kwenye njia ya bahari, Bi Wasila akasimama juu yake.

"Mlango ni hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Utafungwa lini?"

Ridha akakohoa. "Msimu wa wageni tu."

"Na wageni wanakuja lini?"

"Kiangazi."

Munji akadakia: "Alaa! Kwa hiyo sisi tutaogelea Januari!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Ridha mwenyewe alicheka, uso umemwiva. Tangu hapo hata waliotaka ajira hawakuutetea tena ule mlango.

Tukahamia kwenye zahanati. Chokaa ikapita kando ya kituo cha basi, ikakata mbele ya nyumba ya Bi Wasila, mkabala na dirisha ambapo mumewe alikuwa akikaa akitazama bahari katika ugonjwa wake wa mwisho. Sote tulilijua dirisha lile.

Munji akapunguza sauti. "Hili jengo ni la ghorofa mbili, Bi Wasila. Bahari yako imekwenda."

"Naona."

"Basi tulikatae na hili. Nani atakulaumu?"

"Mama yako magoti yanamuuma. Atavukaje uwanja wote huu kutoka kituo cha basi hadi kule nyuma?"

Munji akageuka, akaupima uwanja kwa macho hadi kule nyuma.

"Tulichaguliwa tutazame," akasema Bi Wasila. "Mimi nimeshatazama."

Kura ikapigwa palepale, watu wamesimama: njia ibaki wazi mwaka mzima, zahanati ihamie barabarani. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda, mara zote mbili. Kampuni ilitishia kuondoka. Meya akampigia simu Bi Wasila akimsihi alegeze. Alimsikiliza kwa adabu, akamwambia mlango wa ukumbi uko wazi, aje aseme hayo mbele ya watu. Hakuja. Majira ya mvua Ridha akarudi na michoro mingine, na hoteli ilikuwa imesogezwa pembeni ya njia.

Zahanati ilifunguliwa mwaka jana. Agosti hii, familia zikiteremka baharini na matikiti maji kichwani, nilipita kwa Bi Wasila. Chumba kilikuwa na kiza kidogo. Dirishani ulionekana ukuta mweupe wa zahanati tu.

"Huikumbuki bahari?" nikamuuliza.

"Naikumbuka sana," akasema, akanisogezea bilauri ya chai.