Kurasa Alizoziruka

Fundi friji mmoja alikuwa na baba mkwe aliyependa vitabu kuliko chakula. Mzee alikuwa mpima ardhi, na alipostaafu alisema sasa atasoma mpaka achoke. Macho yakamsaliti kabla hajachoka. Kwa kuwa binti yake alikuwa muuguzi wa zamu za jioni, kazi ya kumsomea ikamwangukia mkwe.

Mwanzoni fundi aliifanya kwa moyo mmoja. Lakini mtu aliyeshinda amepiga magoti nyuma ya mafriji ya watu, akifika sebuleni kope huwa nzito, na kwenye simu kuna mpira. Akaanza kuruka aya, kisha kurasa, kisha sura nzima. Mzee hakushtuka. Basi jioni moja, riwaya ya dada wawili waliokosana ikiwa bado imebaki robo, akaimalizia kwa kichwa chake mwenyewe: mdogo akarudi nyumbani, wakakumbatiana mlangoni, yakaisha. Mzee akajipangusa macho. Fundi akawahi kipindi cha pili.

Jumamosi mzee aliomba apelekwe kwa rafiki yake mfamasia, ambako wastaafu wachache hukutana kunywa chai na kuambiana walichosoma kwa kujifurahisha tu. Fundi alimkalisha, naye akajibanza pembeni. Mfamasia alisimulia kitabu cha safari kilichomchosha kuliko safari yenyewe, wakacheka. Ilipofika zamu ya mzee, akaitaja riwaya ya dada wawili. Alisema pale mlangoni palimliza, na tangu siku hiyo amekuwa akimuwaza kaka yake ambaye hawasemeshani.

Mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole, akaweka kikombe chini. Naye alikuwa ameisoma.

"Ndugu yangu, mdogo hakurudi. Alifia huko huko. Dada mtu aliletewa sanduku tu."

Masikio ya fundi yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana wote walijua ni nani anayemsomea mzee.

"Basi nilisinzia nikaota," mzee alisema, akitabasamu kidogo. "Uzee huu."

Wakacheka kwa adabu, mazungumzo yakageuzwa.

Njiani mzee alimshika mkono kama kawaida. Walipokaribia nyumbani ndipo akauliza, "Na kile cha kabla yake, cha yule daktari. Mtoto wake alipona kweli?"

"Sijui, Baba. Sikufika huko."

"Na kile cha kwanza?"

"Hicho nilikisoma chote."

Mzee akaitikia kwa kichwa, lakini fundi aliona wazi kuwa hakuaminiwa.

Jioni ile alizima simu. Akafungua riwaya pale alipoiachia, akaomba radhi. Mzee akavuta kiti karibu, akaweka kiganja juu ya kitabu, na kila ukurasa ulipogeuka vidole vyake viliinuka vikaufuata. Fundi akasoma kila neno, hata maneno magumu aliyoyatamka kwa kubahatisha, uso umemwiva kwa aibu.

Mkewe aliporudi kazini aliwakuta hivyo hivyo, akauliza kuna nini.

"Tunasoma," mzee alisema, bila kuondoa mkono.