Matokeo ya Kwanza Yalikuwa Mabula

Jumatatu moja ya Juni 1998, Noela aliongeza neno moja kwenye kurasa za msaada za programu ya ramani, akahifadhi, akanywa chai. Ofisi ilikuwa mtaa wa Kambarage, nyuma ya duka la vipuri. Kurasa hizo zilisomwa kwa waya wa simu na vijana wa ramani kambini kwa kampuni ya dhahabu, upande wa Rwamgasa, na vijana walikuwa wamechoka kulalamika. Kila wakitafuta kitu, kompyuta ilisema hakuna. Kurasa ziliandikwa "shimo wima", na tangu dunia iumbwe hakuna mtu machimboni aliyewahi kusema shimo wima. Wanasema duara.

Neno hilo alipewa na Mbuke, mpishi wa chai pale ofisini, ambaye wote walimwita Mama Kulwa. Mumewe Mabula alikuwa mchimbaji. Hakuwa amerudi nyumbani tangu tingatinga la kampuni lilipofukia maduara ya wachimbaji wadogo, mwezi wa nne. Kampuni ilisema yalikuwa matupu. Mama Kulwa alikwenda na jembe lake, walinzi wakamrudisha getini.

Mchana Noela akajaribu kazi yake. Aliandika kwenye kisanduku cha kutafutia: kuchapa ramani ya duara. Matokeo ya kwanza yalisema: "Mabula. Duara la tatu kutoka barabarani. Yuko hai. Anaomba maji." Ya pili ndiyo yalihusu kuchapa.

Akaandika: kubadili rangi. Mabula. Akaandika: kufuta mstari. Mabula tena, safari hii akiuliza kama mvua imenyesha. Noela alikagua alichofanya, hakuona kosa. Akamwita Mama Kulwa, ambaye hakujua kusoma, akamsomea.

"Muulize anakula nini."

Noela akaandika. Jibu lilikuja: "Udongo."

Mama Kulwa akafuta mikono kwenye khanga. "Haya, wamchimbue basi."

Kesho yake Noela alichapa majibu hayo, akampelekea bosi wao, Donatus. Donatus alisoma amesimama, akafunga mlango.

"Na vijana kambini wanaona hivi?"

"Wanaona. Wanasema wakiuliza habari za kuchapa wanapewa habari za mtu."

"Wana haki. Boresha."

"Bosi, yuko hai."

"Kampuni imeshasema mule hamna mtu, Noela. Tukimtoa leo, tutasema ametokea wapi?" Akashusha sauti. "Mimi nina watoto, na wewe unao. Wale walinzi jana waliniuliza unakaa wapi. Sikuwaambia. Nadhani wanajua."

Alikuwa anatetemeka zaidi kuliko Noela, masikini, na hilo ndilo lililomtisha Noela kupita maneno yenyewe.

Kazi haikuwa ngumu. Kila ukurasa una uzito wake, namba inayoupanga kwenye matokeo; ukipunguza uzito ukurasa unazama. Noela alimpunguza Mabula, akashuka. Kesho yake alikuwa amepanda, yuko juu kabisa, anahema. Alimpunguza tena. Mwishowe akaliondoa na lile neno, duara, na Mabula akaenda kukaa mwisho kabisa, chini ya kurasa za mashine za kuchapa ambazo hakuna anayezitumia tena. Simu ikalia kutoka kambini.

"Dada Noela, sasa mambo safi! Tunapata tunachotafuta!"

Akawaambia asante. Usingizi ulimkimbia, na kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba yake lilimfanya azime taa.

Mama Kulwa aliendelea kuleta chai, na kila alasiri alisimama nyuma ya kiti. "Leo anasemaje?"

Noela alifungua ukurasa wa mwisho. Mabula alikuwepo. "Mmenisogeza," aliandika. "Mke wangu yupo hapo?"

Donatus alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mlinzi wa kambini, kofia mkononi, mtu mwenye adabu, ameagiza chai.

"Leo hajasema kitu, mama."

"Basi mwambie nimekuja."

Noela akaandika kwenye kisanduku: Mama Kulwa amekuja. Jina hilo hakuwa amelipunguza uzito. Majibu ya Mabula yakaja papo hapo, yakajaa kioo toka juu hadi chini, yakaendelea kuja. Noela akanyoosha mkono, akazima kioo.

"Nimemwambia, mama."

"Ahsante, mwanangu," Mama Kulwa akasema, na akaenda kumletea mlinzi chai yake.